Baba wa Bibi Harusi Yuko Nje ya Nchi

Kikao cha nane cha kamati ya harusi kiliamua, kwa kura zote isipokuwa moja, kwamba baba wa bibi harusi yuko nje ya nchi. Kura hiyo moja ilikuwa ya baba mwenyewe. Alikuwa amekaa kwenye stuli ya plastiki kando ya mlango wa jikoni, hatua nne kutoka kwa mwenyekiti, ndani ya nchi kabisa, akinywa chai.

"Hakuna anayekuficha, shemeji," alisema mwenyekiti. Huyu alikuwa kaka wa mkewe, mtu wa benki, aliyeitwa Mjomba Tai kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila tai shingoni. "Tunakusafirisha tu."

"Wapi?"

"Mbali. Kwenye kongamano."

"Kongamano la nini?"

Wanakamati walitazamana. Suala hilo halikuwa kwenye ajenda.

"La mazingira," alisema mkewe bila kuinua uso. Alikuwa akihesabu kadi za mwaliko, akilamba kidole kila baada ya kadi tatu.

Mazingira yenyewe yalianza kidogo kidogo. Mzee huyu aliendesha gari la majitaka, lile lenye tangi kubwa mgongoni na mpira mnene kama chatu ubavuni, linalonyonya mashimo ya vyoo. Ni lake mwenyewe, na kwa miaka ishirini na miwili hakuna shimo katika mji ule ambalo hakujua kina chake. Bintiye alipoulizwa na wazazi wa mchumba kazi ya baba, alijibu, "Yuko kwenye mazingira." Mama akaongeza neno "ofisa". Mjomba Tai, aliyepokea posa kwa niaba ya mzee na ambaye hapendi kitu kibaki bila cheo, akaongeza "mwandamizi". Habari zilipomfikia baba mkwe, mwenye majengo matatu ya ghorofa na kitambaa cha kufutia pua kilichotariziwa herufi zake, mzee alikuwa ofisa mwandamizi wa mazingira aliyepewa gari la kazi. Kuhusu gari hawakusema uongo. Lilikuwa na magurudumu kumi.

"Basi siku yenyewe nani atampeleka mtoto mbele?" aliuliza mzee.

Mjomba Tai alikohoa na kuigusa tai yake. Jibu lilikuwa ndilo hilo.

Mzee alimtazama binti. Binti alikuwa kwenye kochi, miguu imekunjwa, kucha mpya hazijakauka, amezinyoosha mbele yake kama mtu anayezuia mlango. Macho yalikuwa yamelowa.

"Baba, ni siku moja tu," alisema. "Utakuwepo. Utakaa karibu. Utakuwa jamaa wa upande wetu. Mimi nitajua wewe ni nani."

Ni vizuri ikumbukwe kwamba binti huyu alisomeshwa, kuanzia chekechea hadi chuo, na haja kubwa za mji mzima. Hakuna mtoto aliyepata wafadhili wengi kuliko yeye. Mzee hakulisema hilo. Alisema, "Sawa, mama," akanyanyua kikombe, akakikuta kitupu, akanywa hivyohivyo.

Kisha akauliza, "Kadi mmetoa ngapi?"

"Mia tano na sitini," alisema mkewe.

"Ukumbi ule shimo lake ni la watu mia mbili. Tena limejaa. Meneja ananiita kila miezi sita, sasa ni mwezi wa kumi na nne hajaniita, anabana matumizi. Watu mia tano na sitini wakila na kunywa pale, lile shimo litawatapikia."

"Baba!" binti alipiga kelele.

"Tuko kwenye kipengele cha chakula!" alisema shangazi mmoja, akiweka sambusa chini.

"Jamani, mimi nasema tu. Nipeni ruhusa niende Alhamisi nilinyonye. Bure. Iwe zawadi yangu ya harusi."

Mjomba Tai alifunga macho kama mtu anayeumwa jino. "Shemeji, Alhamisi wakwe wanakwenda kuangalia mapazia. Wewe unataka wakukute na lile gari mlangoni? Kongamano liwe limehamia ukumbini?"

Watu walicheka. Hoja ya shimo ilitupwa, kwa kura zote isipokuwa moja.

*

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, mzee na msaidizi wake waliosha gari. Msaidizi huyo, anayejulikana na wateja wote kama Utingo, ndiye anayevuta mpira, anayefungua mifuniko na anayetunza daftari la foleni. Daftari lile lilikuwa na heshima ya pekee. Mteja huandikwa anapopiga simu, na huhudumiwa kwa zamu yake. Mkubwa mmoja wa polisi aliwahi kusubiri siku nne nyuma ya muuza mkaa, akatishia, akabembeleza, akasubiri.

"Kesho nimewaahirisha watatu," alisema Utingo, akipekua. "Shule ya bweni, wavulana mia nane na maharage yao, Mungu awasaidie. Zahanati. Na Mama Wapangaji. Nimewaambia wote Kapteni anaoza. Mama Wapangaji amesema shimo lake limefika shingoni lakini atawaamuru wapangaji wajizuie, kwa heshima yako."

Mzee alicheka.

"Na kadi yangu, Kapteni?"

Mzee alilisugua tairi ambalo lilikuwa safi tayari. "Zimekwisha, ndugu yangu."

"Zimekwisha."

"Walichapa chache."

Utingo aliitazama ndoo. Mtu huyu alikuwa amembeba bibi harusi mabegani asubuhi za mvua, akampandisha kwenye kiti cha mbele cha gari hili hili, akamfuta matope kwenye viatu kwa kitambaa chake cha kichwani, wakamshusha kona moja kabla ya shule ili wenzake wasimcheke. Kona hiyo ilikuwa wazo la mzee.

"Haidhuru," alisema Utingo. "Suti yangu yenyewe ina panya." Akamwaga maji ya ndoo polepole kuliko ilivyohitajika.

*

Siku ya harusi mzee aliamka mapema akajisugua kwa ndimu, kisha kwa sabuni tatu za aina mbalimbali, kisha kwa ndimu tena, kwa mpangilio anaoujua mwenyewe. Alivaa suti ya kijivu. Alipendeza. Mkewe alimzunguka mara mbili akinusa, kama anachagua nyama, akasema, "Unafaa."

Kwenye mlango wa ukumbi, mpwa wa mkewe alikuwa akigawa tepe za kubandika kifuani, za rangi ya zambarau na maandishi ya dhahabu. MAMA MZAZI ilikuwa ya mkewe. BABA MZAZI ilikuwa tayari kwenye koti la Mjomba Tai, imenyooka chini ya tai kana kwamba zimeshonwa pamoja. Kulikuwa na KAMATI, MAPOKEZI, CHAKULA. Mpwa alitafuta kwenye boksi, akatoa jasho, akatafuta tena.

"Mjomba, samahani, imebaki hii tu."

Ilikuwa imeandikwa USAFIRI.

"Nibandike," alisema mzee.

Alikaa safu ya tano, baina ya nguzo na mama mmoja aliyedhani utepe ule una maana. "Mtatupa basi la kurudi?" aliuliza mama huyo. Mzee alisema hajui. "Sasa wewe usafiri gani hujui?" Alimsonya, akamgeuzia bega.

Saa saba mchana muziki ulibadilika, milango ikafunguka, na binti akaingia. Alikuwa mzuri kiasi kwamba watu waliacha kujipepea. Mkono wake ulikuwa kwenye kiwiko cha Mjomba Tai, ambaye alitembea kwa hatua za mtu anayekagua gwaride. Walipofika safu ya tano mzee alisimama. Watu wote walikuwa wamesimama, hivyo hakuna aliyeona. Binti alipita akitazama mbele, kwenye kamera. Nguzo ilimficha mzee nusu. Nusu iliyobaki ilimpungia mkono.

Baba mkwe alimpokea Mjomba Tai kwa kumkumbatia mbele ya wote. Kisha akashika kipaza sauti.

"Nasikitika kwamba ndugu yangu, ofisa, yupo nje ya nchi kwa majukumu ya kitaifa," alisema. "Lakini ametuachia shemeji anayefanana naye kabisa kwa heshima!"

Makofi yalipigwa. Mzee alipiga pia. Alikuwa amelelewa vizuri.

*

Harufu ilifika kabla ya keki.

Mwanzoni kila mtu alimtilia shaka jirani yake. Mama wa safu ya tano alimtazama mzee, akatazama viatu vyake, akasogeza kiti. Watoto walisingiziwa. Mbwa ambaye hayupo alisingiziwa. Mshereheshaji, kijana mwenye koti linalometameta, alisema kwa kipaza sauti kwamba penzi la kweli lina harufu yake, na wakwe wakacheka kwa adabu huku wametia vitambaa puani. Mtu alinyunyiza marashi. Sasa ukawa uvundo wenye marashi, jambo ambalo ni baya zaidi, kama maiti aliyevaa miwani ya jua.

Mzee hakuhitaji kubahatisha. Alijua ni shimo lipi, limejaa kiasi gani, na kwamba sahani ya pili ya chakula ndiyo ilikuwa inaanza kugawiwa. Alitulia. Alikuwa usafiri.

Kisha wasimamizi wa bibi harusi, wasichana sita wenye magauni ya rangi moja, walitoka chooni mbio wameinua pindo hadi magotini. Nyuma yao, kwenye vigae vyeupe, kulifuata wimbi jembamba la rangi ya kahawia, lisilo na haraka, kama mgeni mwalikwa mwenye kadi yake.

Simu ya mzee ililia mfukoni.

"Mtu wa vyoo!" Alikuwa meneja wa ukumbi, na sauti yake ilisikika mara mbili, kwenye simu na nyuma ya pazia. "Uko wapi? Njoo haraka, nina harusi ya watu wakubwa hapa, mavi yanatembea!"

"Niko safu ya tano," alisema mzee.

Kabla meneja hajaelewa, Mjomba Tai alikuwa ameshafika, amechuchumaa kando ya kiti, utepe wa BABA MZAZI umepinda. "Shemeji," alinong'ona. "Shemeji yangu. Fanya kitu."

"Nilisema."

"Ulisema, ulisema. Utakuja kutulaumu siku nyingine. Sasa fanya kitu. Lakini pitia nyuma. Na hilo koti livue, watu wamekuona nalo."

Mzee alimpigia Utingo. Simu ilipokelewa kabla ya mlio wa pili.

"Kapteni. Wamekula?"

"Wamekula sana. Lete gari."

*

Utingo alifika baada ya robo saa akiwa na ovaroli mbili. Hakuuliza lolote. Mzee alivua suti ya kijivu nyuma ya ukuta, akaikunja vizuri juu ya kiti cha gari, utepe ukiangalia juu, akavaa ovaroli na buti. Mfuniko wa shimo ulikuwa hatua chache tu kutoka mlango wa nyuma wa ukumbi. Waliufungua, wakateremsha mpira, mashine ikaanza kunguruma, na muziki ndani ukaongezwa sauti ili usikike.

Shimo lilikuwa la kujaza tangi la gari mara mbili. Tangi la kwanza lilipojaa, wimbi lilirudi chooni, na watu wa usafi wakaanza kupiga deki. Mlango wa nyuma ulifunguka. Baba mkwe alitoka, kitambaa chenye herufi zake kimefunika pua na mdomo, akifuatwa na Mjomba Tai, na mama wa bibi harusi, na mwisho bibi harusi mwenyewe, ambaye alikuwa amesimama kizingitini ameshika gauni kwa mikono miwili.

"Nataka kumwona mtu aliyetuokoa," alisema baba mkwe kwa sauti ya ukarimu. "Wewe ndiye fundi?"

"Ndimi, mzee."

"Kazi ngumu hii! Mimi siwezi hata dakika moja." Alirudi nyuma hatua moja kuthibitisha. "Una familia?"

"Ninayo."

"Watoto?"

"Mmoja. Binti."

"Mungu amkuze. Na yeye utamwoza siku moja, usikate tamaa."

"Anaolewa leo," alisema mzee.

"Leo! Hongera sana! Wapi?"

Mashine ilikuwa imezimwa, na ndani walikuwa wanabadilisha wimbo, kwa hiyo kila mtu alisikia vizuri. Mama wa bibi harusi alianza kurekebisha kilemba kilichokuwa hakina tatizo. Mjomba Tai aliishika tai yake kwa mikono miwili.

Mzee alinyoosha glavu yenye kutiririka kuelekea kizingitini. "Hapo."

Baba mkwe alimtazama mtu mwenye ovaroli, akamtazama bibi harusi mwenye gauni jeupe lenye mkia wa mita tatu, akashusha kitambaa puani, akacheka. Alicheka kwa moyo wote, mpaka tumbo likatikisika. "Huyu mtu ana vituko! Mnamsikia?" Mjomba Tai alicheka kwa haraka, kama mtu anayekimbilia mlango unaofungwa. Mke wa mzee alicheka akitazama chini.

Mzee hakuwatazama hao. Alimtazama binti. Binti alimtazama yeye, kisha mkwewe, kisha tena yeye. Kisha akacheka pia. Kicheko kidogo, cha meno, kama cha mtu aliyeambiwa na mpiga picha atabasamu.

"Mpeni chakula huyu fundi," aliagiza baba mkwe akiingia ndani. "Lakini ale hukohuko."

Mlango ulifungwa. Utingo aliukunja mpira taratibu, huku anatema mate, na safari hii haikuwa kwa sababu ya shimo.

"Limebaki tangi moja, Kapteni," alisema. "Nusu saa tu litapanda tena."

"Twende tukamwage."

*

Mabwawa ya kumwagia majitaka yako nje ya mji, na siku hiyo hapakuwa na gari jingine. Walimwaga. Wakakaa kwenye ngazi ya gari. Utingo alitoa mkate na soda mbili za moto, na mzee akamweleza yote, kongamano, kura, utepe. Alipofika kwenye habari ya kadi aliweka soda chini.

"Zilikuwepo," alisema. "Kadi. Mia tano na sitini. Sikuomba yako."

"Nilijua," alisema Utingo.

"Nisamehe."

"Kunywa soda, Kapteni, inazidi kuchemka."

Simu ililia. Ilikuwa namba ya binti. Mzee aliifuta mikono kwenye ovaroli kana kwamba angemgusa.

"Baba, uko wapi? Imeanza tena. Imefika kwenye meza ya keki. Baba, njoo!"

"Nije kama nani, mama?"

"Nini?"

"Nakuuliza tu. Nije kama nani?"

Nyuma ya binti mshereheshaji alikuwa anawaomba wazazi wa pande zote mbili wasimame wapigwe picha, na makofi yalikuwa yanamsindikiza Mjomba Tai kwenda mbele. Mzee alisubiri. Aliyasubiri makofi yaishe. Alikuwa tayari kuwasha gari, alikuwa amekwisha shika ufunguo. Neno moja lingemtosha, hata lingetamkwa kwa kunong'ona.

Lilinong'onwa kweli. "Njoo kama fundi, baba. Tafadhali. Pitia nyuma."

Mzee alivuta pumzi. Pale mabwawani hilo ni jambo la kishujaa.

"Utingo," alisema, simu ikiwa bado sikioni, "lete daftari. Kuna mteja."

Utingo alilifungua juu ya goti. "Shule ya bweni. Zahanati. Mama Wapangaji. Tuliwaahirisha kwa ajili ya binti yako."

"Mwandike huyu chini yao." Kisha akasema kwenye simu, kwa upole ule ule anaowasemesha wateja wote, "Wewe ni wa nne, mama. Binti yangu ningemfuata sasa hivi. Fundi ana foleni."

Alikata. Alibaki ameishika simu hadi kioo kikazimika, kisha akageuza uso upande wa mabwawa, na Utingo, ambaye alikuwa na adabu, akaenda kukagua tairi lisilo na hitilafu.

*

Waliamua kuanza na Mama Wapangaji, kwa kuwa shule na zahanati walipopigiwa na kuelezwa hali yake walisema huyo yuko hatarini zaidi. Alikuwa mama mnene mwenye nyumba ya vyumba kumi na viwili, na alipoliona gari likikata kona alitoka na kanga begani akipiga kelele.

"Fundi! Si unaoza leo? Wapangaji wangu wamejibana tangu asubuhi wakinuna, nimewaambia atakayekwenda chooni kabla harusi haijaisha nampandishia kodi!"

"Kwangu imekwisha, mama."

Mama alimtazama usoni, akaacha kelele. Akamletea kiti. Akaleta maji, sabuni na taulo safi, akayaweka mahali ambapo angeyafikia akimaliza, kisha akaenda kuwatangazia wapangaji kwamba uhuru unakaribia.

Mzee alichukua utepe wa USAFIRI kwenye suti iliyokunjwa, akaubandika kwenye ovaroli ya Utingo, kifuani, akaunyoosha kwa kidole. Utingo alijitazama.

"Nimeingia kamati," alisema.

Simu ililia tena ndani ya gari. Mzee alikuwa ameshapiga magoti kwenye mfuniko, hivyo Utingo ndiye aliyepokea. Kwa upande wa pili kulikuwa na mayowe, viti vikianguka, na sauti ya mshereheshaji akisihi watu wasikimbie. Juu ya yote hayo ilikuwa sauti ya mama wa bibi harusi.

"Nani huyo? Utingo? Mpe simu! Mpe simu haraka baba wa bibi harusi!"

Utingo alimtazama Kapteni wake. Alikuwa ameinama juu ya shimo, akipima kina kwa fimbo.

"Hayupo, shemeji," alisema kwa heshima zote. "Nasikia yuko nje ya nchi."

Akaiweka simu juu ya suti ya kijivu, akavaa glavu zake, akaenda kushika mpira, maana kongamano lilikuwa linaanza.